Gunia Lipi?

Tulipokuwa wawili, mimi na Gwakisa,
chumba kimoja Uyole, juu ya duka la pembejeo,
hatukuhitaji mtu wa katikati.
Mteja alikuwa mjomba wake. Alifika asubuhi
koti la mvua likichuruzika sakafuni,
akaketi baina yetu, akagusa kioo kwa kidole:
"Hapa nataka jina la mkulima. Hapa deni."
Jioni jina lilikuwepo, na deni lilikuwepo.
Mpango mzima wa mradi
ulienea nyuma ya kalenda ya mbolea.

Kisha viazi vikatukuza.
Ushirika wa pili, wa tano; ghala Isyonje, ghala Kikondo,
vijana tisa, wawili wakiandika toka Iringa
ambao hata sura tulikuwa hatujaziona.
Mjomba akawa kamati, kamati ikawa simu,
simu ikawa "ongezeni kidogo tu, si kazi kubwa."
Tukaongeza.
Anyelwisye alijenga ripoti ya mauzo wiki mbili;
Kikoti, kule Iringa, alikuwa akijenga ile ile.
Zote mbili zilipendeza. Hazikuelewana.

Siku ya uzinduzi ukungu ulishuka hadi kwenye matairi.
Lori likapanda mizani.
Mfumo ukasema: magunia sabini, kilo elfu saba.
Mizani ikasema: elfu tisa na ushee.
Tukalaumu mizani. Tukalaumu mtandao.
Usiku kucha tulipekua mstari kwa mstari,
tukisaka kosa pale ambapo halikuwepo,
maana sabini mara mia ni elfu saba
hata kwa baridi ile.

Subilaga, karani wa mizani,
alikuwa akimenya kiazi cha kuchemsha,
akikihamisha mkono huu, mkono ule, kwa moto wake.
Akauliza, bila kututazama:
"Gunia lipi?"

Gunia lipi.
La mnunuzi, lenye kilemba cha lumbesa
kilichoshonwa kwa kamba hadi gunia likaota shingo na kichwa?
La serikali, lile linaloishi kwenye karatasi?
La mama wa robo eka, asiye na mizani,
anayehesabu kwa ndoo na kwa hofu ya mvua?
Miezi minane tuliandika "gunia",
na kila mmoja wetu alikuwa amebeba lake.

Tulimwajiri mwezi huo huo.
Hakujua kuandika programu, na hajui mpaka leo.
Huenda mashambani na viatu vya mpira na daftari,
hurudi na maneno aliyoyapasua kama kuni:
"Wakisema nimelipwa, nusu yao wana maana nimeahidiwa."

Mhongole alikuja baadaye. Alikuwa msimamizi wa makalvati,
mtu anayejua kwamba saruji haikauki kwa kubembelezwa.
Nilimchukia wiki tatu nzima.
Alipita meza kwa meza na swali lake moja:
unasubiri nini, toka kwa nani?
Ikabainika mimi namsubiri Kikoti,
Kikoti anamsubiri Gwakisa,
Gwakisa ananisubiri mimi,
na sote tulikuwa tumechoka kwa kazi.
Kamati ilipopiga simu, "kidogo tu," akajibu:
"Sawa. Tutoe kipi?"
Simu ilinyamaza mpaka nikadhani imekatika.

Juzi Atupele, binti wa dada yangu,
yeye na mwenzake wameanza mfumo wa bajaji za Mwanjelwa,
aliniuliza: nasi tuwaajiri lini watu wa namna hiyo?
Nikamwambia bado. Mteja wako
unamsikia akikohoa chumba cha pili.
Ila siku utakapojibu swali kwa ustadi
na usikumbuke ni nani aliyeuliza, nipigie.

Alicheka, akarudi kwenye kioo chake.
Nikaona ameandika: abiria.
Nikamfikiria mtoto wa kupakatwa,
kuku ndani ya kikapu, na yule anayening'inia pembeni mwa dereva.
Nikanyamaza, nikamalizia chai.